Kinu cha Grenoble na Majina Yake Mawili

Tarehe 19 Januari 1967, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba wa kujenga kwa pamoja kinu cha nyuklia cha utafiti mjini Grenoble, karibu na makutano ya mito ya Drac na Isère. Taasisi ikapewa jina la Laue-Langevin, na majina hayo hayakuokotwa njiani. Max von Laue, Mjerumani, alionyesha mwaka 1912 kwamba fuwele hutawanya eksirei kwa mpangilio unaofichua atomi zake zilivyojipanga. Wanazi walipotawala, hakuficha kwamba hakubaliani nao. Paul Langevin, Mfaransa aliyebobea katika elimu ya sumaku, alikamatwa na majeshi yao mwaka 1940 akatiwa gerezani. Kuwaandika wawili hao kwenye kibao kimoja, miaka 22 tu baada ya vita, kulisema mengi kuliko hotuba za mabalozi.

Waasisi walikuwa Louis Néel na Heinz Maier-Leibnitz, ambaye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza. Kinu kiliwashwa mwaka 1971. Uingereza ikajiunga mwaka 1973.

Nguvu yake ni megawati 58.3 za joto, lakini usitafute nyaya za umeme: hakizalishi umeme. Kinachotakiwa ni nyutroni. Zinatoka kwenye urani, zinapunguzwa kasi na maji mazito, kisha zinasafirishwa kwa mirija maalumu hadi kwenye vifaa vya watafiti. Lakini kwa nini kujisumbua hivyo, na eksirei zipo? Kwa sababu eksirei hutawanywa na elektroni, na haidrojeni ina moja tu, kwa hiyo huonekana kwa shida. Nyutroni hutawanywa na kiini, hivyo haidrojeni haizipiti. Tena kila nyutroni ni sumaku ndogo, na ndiyo maana husoma usumaku uliomo ndani ya vitu. Langevin angefurahi.

Mwaka 1991 kinu kilizimwa kwa matengenezo makubwa. Kilirudi kazini mwaka 1995. Wakati kimelala, jirani alifungua milango: mwaka 1994, ESRF, sinkrotroni ya Ulaya, mashine ya duara inayozalisha eksirei, yenye mzunguko wa mita 844, ilianza kupokea watafiti. Sasa mtafiti anaweza kupima sampuli moja kwa njia zote mbili bila kuhama mtaa. Maombi yake ya kutumia vifaa huchujwa na wanasayansi wenzake, si kwa ukubwa wa mfuko.

Afrika Kusini ilijiunga na ESRF mwaka 2013, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo.