Toka Bruxelles mpaka Léopoldville: siku 51 ao saa 75?

Mtu akituuliza Bruxelles iko mbali gani na Kinshasa, tunamjibu: kilometa 6,200 hivi kwa njia iliyonyoka, na saa nane za ndege. Jibu ni la kweli. Lakini tukitazama safari ya kwanza ya ndege kati ya miji hiyo miwili, tutaona ya kuwa urefu wa njia una hesabu nyingine pia.

Tarehe 12 Februari 1925 watu watatu waliondoka Bruxelles: Edmond Thieffry, mwanasheria aliyekuwa rubani katika vita vya 1914-1918, Léopold Roger, rubani mwenzake, na Jef De Bruycker, fundi wa mashine. Ndege yao ya mashine tatu, mali ya kampuni ya Sabena, iliitwa Princesse Marie-José. Walipita Ufaransa na Uspania, wakavuka bahari mpaka Oran, wakapita jangwa la Sahara mpaka Gao, kisha Niamey, Zinder, Fort-Lamy na Bangui. Tarehe 3 Aprili wakafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Siku 51!

Siku zile aliyepanda meli huko Antwerpen alifika Matadi kwa majuma matatu hivi, akapanda gari la moshi, maana reli ilikwisha kujengwa tangu 1898. Basi mtu wa meli angemtangulia mtu wa ndege, tena mbali. Lakini angani Thieffry na wenzake walikaa saa 75 na dakika 25 tu. Siku zilizobaki zote ziliishia chini. Ndege ya namna ile ilibeba mafuta machache, ikalazimika kutua mara nyingi. Na kila ilipotua ilitaka uwanja mkavu uliofyekwa, mapipa ya mafuta yaliyotangulizwa, na vyombo vya kutengeneza mashine. Kimoja kikikosekana, wote walikaa kungoja. Thieffry alipata sifa, na zilimstahili. Waliofyeka viwanja na kupeleka mafuta hawakupata, nasi twaona kwamba nusu ya safari ile ni yao.

Miaka 10 ikapita kabla ya safari za kawaida kuanza. Tarehe 23 Februari 1935 ndege ya Sabena yenye jina la Edmond Thieffry iliondoka Bruxelles, ikafika Léopoldville kwa siku tano na nusu. Mwenye jina hakuiona: tarehe 11 Aprili 1929 alikufa karibu na ziwa Tanganyika, ndege yake ilipoangushwa na tufani, alipokuwa akitafuta njia za ndege za ndani ya Kongo.

Sabena nayo ilifilisika mwaka 2001, na ndege za sasa hazitui tena Gao wala Zinder. Lakini toka Kinshasa mpaka Bukavu, kilometa 1,500 hivi, mpaka mwanzo wa mwaka 2025 mwenye nauli ya ndege alifika kwa saa chache. Asiyekuwa nayo alipanda mashua na kufuata barabara mbovu, akihesabu majuma.