Vazi na Mvaaji

Katika miaka ya 1960, washangiliaji wa Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wanafunzi wa skuli, wake kwa waume. Mwaka 1972 wakaingia wanawake wacheza dansi, na Paula Van Wagoner akawabunia vazi: blauzi ya buluu yenye fundo kifuani, kizibao cheupe chenye nyota na matamvua, kaptura fupi na buti.

Mwaka 1979 mahakama ya rufaa huko New York ikalilinda vazi hilo kuwa alama ya biashara. Mvaaji wa miaka hiyo alilipwa dola 15 kwa mchezo.

Mwaka 2018 vazi likaingia makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Mwaka huo huo mvaaji mmoja wa zamani akaenda mahakamani kudai ujira wake.

Nguo ilitangulia kupata heshima. Aliyeipa uhai akafuata nyuma.