Tezi ya thimasi: mahali seli za kinga zinapofundishwa kazi

Anayechinja ndama huona shingoni, kuelekea kifuani, nyama laini yenye rangi hafifu ambayo kwa ng'ombe mzee ni kama haipo. Hiyo ni tezi ya thimasi. Binadamu naye anayo, nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Huwa kubwa utotoni. Baada ya kubalehe husinyaa na sehemu yake kubwa hugeuka mafuta.

Zamani wengi waliamini haina kazi ya maana. Mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller, akiwa London, alieleza alichokiona baada ya kuitoa kwa panya waliozaliwa karibuni: walishindwa kupambana na maambukizi, na ngozi ya panya wageni ilipopandikizwa kwao, miili yao haikuikataa.

Panya hao walikosa seli T, aina ya chembe nyeupe za damu. Msikilizaji anayehudhuria kliniki ya VVU amezisikia: CD4 anazopimwa ni kundi mojawapo la seli T.

Seli hizi huanzia kwenye uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi kwenye thimasi. Humo kila moja hujitengenezea kipokezi cha kumtambua adui, tena kwa kubahatisha, kwa hiyo vingine havifai na vingine ni hatari. Seli ambayo kipokezi chake hakishiki chochote hufa. Inayoshika kwa nguvu vitu vya mwili wenyewe nayo kwa kawaida huuawa. Ajabu ni kwamba thimasi huzionyesha hata vitu vya viungo vya mbali, kama insulini ya kongosho, ili zijulikane mapema. Katika kila seli 100, zaidi ya 95 hazitoki hai. Zikiponyoka zile za kushambulia kongosho, mtoto anaweza kupata kisukari cha aina ya kwanza.

Utapiamlo mkali huisinyaza thimasi ya mtoto kabla ya wakati wake, na hiyo ni sababu mojawapo ya surua au nimonia kumzidi nguvu. Akilishwa vizuri tezi hukua tena, lakini inaweza kuchelewa kuliko uzito. Mtoto aliyerudisha kilo bado anaweza kuwa na kinga dhaifu, hivyo mzazi asiache kumpeleka kliniki mpaka mhudumu wa afya amruhusu.