Picha za Kwaya Yetu na Rangi Zake

Tulipokusanya picha za jubilii hii, tulizipata sandukuni, ndani ya Biblia za zamani na kwenye kuta za nyumba za washirika. Nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa zimegeuka nyekundu: nyuso, majoho na nyasi, vyote rangi moja. Karatasi ya picha za rangi ina tabaka tatu: samawati, majenta na manjano. Katika karatasi nyingi za wakati ule, samawati ndiyo hufifia upesi, hata picha ikifungiwa gizani. Kinachobaki ni wekundu.

Vijana wetu walizipiga skani, wakairudishia kila picha rangi iliyopungua. Lakini kompyuta hukisia tu. Ilitupa majoho ya kijani, na nyuso za wazee wetu ikazifanya nyeupe. Tukawaita waimbaji wa kwanza. Mama mmoja wa sauti ya alto akasema, "Hapana, wanangu, yalikuwa buluu." Jumapili iliyofuata akaleta kola aliyoitunza miaka yote. Tuliifuata hiyo.

Nyuso tulizirekebisha huku jamaa zao wameketi kando yetu. Wengi waliomo wametangulia mbele za Bwana; hatukutaka wajukuu waonyeshwe mtu mwingine.

Picha zenyewe tumezihifadhi mahali pakavu bila kuzibadilisha, na majina tumeyaandika kwenye bahasha. Majina matano bado hatujayapata. Mzitazame ukutani leo, na anayemtambua mtu atuambie. Utukufu ni kwa Mungu.