Mchanga Huu Ulitoka Wapi?

Karibu na Warsaw, mji mkuu wa nchi ya Poland, uko msitu mkubwa uitwao Kampinos. Ndani yake vimo vilima vya mchanga mtupu, vingine kimo chake kama futi 100, navyo viko mbali na bahari zaidi ya maili 100. Sisi tumezoea kuona mchanga wa namna hii pwani. Basi, ni nani aliyeuchukua hata kuufikisha bara?

Zamani wenye elimu wengi wa Ulaya walidhani ya kuwa nchi zile za tambarare zilifunikwa na bahari, na ya kuwa mawe ya kigeni yaonekanayo huko yaliletwa na mapande ya barafu yaliyoelea. Lakini tarehe 3 Novemba 1875, Otto Torell, mtu wa Sweden, alifika Rüdersdorf karibu na Berlin, akaona mikwaruzo juu ya mwamba wa chokaa. Akatambua kwamba barafu yenyewe ilipita pale juu ya nchi kavu, ikiburuta mawe kutoka kaskazini.

Sasa twajua kwamba kama miaka 20,000 iliyopita barafu nene ilishuka kutoka kaskazini, ikasimama kabla ya kufika mahali palipo Warsaw leo. Njiani ilisaga miamba kama jiwe lisagavyo mtama. Ilipoyeyuka, maji yaliuchukua mchanga na kuutandaza katika bonde pana la mto Vistula. Nchi ilikuwa ya baridi, na majani yalikuwa haba. Upepo ukauinua mchanga mkavu, ukaujenga kuwa vilima, hasa kati ya miaka 15,000 na 11,000 iliyopita.

Je, haya yamejulikanaje? Mashahidi ni watatu. Wa kwanza ni umbo la vilima. Vingi vimepindika kama upinde, ncha zake mbili zikielekea magharibi. Penye ncha mimea iliushika mchanga, na katikati ukasukumwa mbele. Kwa hiyo upepo ulivuma kutoka magharibi. Wa pili ni chembe yenyewe. Mfaransa André Cailleux, katika kitabu chake cha mwaka 1942, alieleza kwamba chembe iliyopigwa sana na upepo huviringana, na uso wake hufifia kama kioo kilichokwaruzwa. Wa tatu ni vijiwe vizito vilivyochanganyika na mchanga, kama garneti. Kwa vijiwe hivyo Edelman, mtu wa Uholanzi, mwaka 1933 alitenga mchanga uliotoka kaskazini na ule ulioletwa na mto Rhine.

Basi upepo ni mchukuzi wa mwisho tu: barafu ilivunja, maji yakabeba, upepo ukalundika. Miti ndiyo iliyoutuliza mchanga. Huko Uholanzi, penye mchanga kama huo, watu wa kale walikata miti na kulisha kondoo kupita kiasi; mchanga ukaamka tena, ukafunika mashamba yao. Aukataye msitu wa mahali kama pale humfungulia upepo mlango.