Kioo Hujaribiwa, Kadi Huaminiwa

Anayenunua balbu Kariakoo haondoki nayo bila kuiona ikiwaka. Muuzaji huichomeka kwenye soketi iliyofungwa pembeni mwa kaunta, inamulika, anairudisha kwenye boksi lake, ndipo pesa inapotoka mfukoni. Risiti ikiandikwa, chini yake mara nyingi pana onyo ambalo kila mkazi wa jiji analijua: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Jaribio la kabla, na mlango unaofungwa baada yake, ndiyo sheria ya soko hilo kwa kila kitu kinachotumia umeme, kuanzia pasi hadi kompyuta. Sheria hiyo ina historia, na ndani ya historia hiyo limo jibu la jambo ambalo wabunifu wa picha na wacheza gemu wa Dar es Salaam hulikuta kila wanapotafuta mashine: Kariakoo ni mahali pazuri pa kununulia monita, lakini ni mahali pa hatari pa kununulia kadi ya grafiki. Wengi wanasema tatizo ni bei, au uaminifu wa wauzaji. Sidhani. Soko lilijifunza ujuzi wa aina fulani kwa muda mrefu, kisha kikaja kifaa ambacho ujuzi huo haukifikii.

Tuanzie kwenye uhaba. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka uliofuata Matsushita wa Japani walianzisha kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa jina la redio na betri katika nyumba nyingi. Vifaa hivi viwili vilipita njia tofauti. Redio ilikwenda hadi vijijini, na kila palipokuwa na redio pakazuka fundi wa kuifungua. Kompyuta ilibaki ofisini, na hata huko haikudumu na sifa njema. Mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwama vibaya, fedha za kigeni zilikuwa zikipungua, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni pasipo kibali maalumu. Zanzibar wakati huo ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV na DTV zilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo kwa miaka karibu ishirini mtu wa Kariakoo hakuwa na duka la kumfundisha namna ya kuchagua skrini. Alikuwa na fundi redio, na fundi redio hupima kwa sikio na jicho: washa, sikiliza, gonga, nusa kama kuna kinachoungua.

Uhaba wa miaka ya mwisho ya 1970 uliukaza zaidi ujuzi huo. Bidhaa ziligawiwa kupitia kampuni za biashara za mikoa, foleni zikarefuka, na kilichokosekana dukani kikapatikana mlango wa nyuma. Mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na wenye mali wakazidi kuificha. Anayenunua redio kaseti kwa siri hawezi kudai dhamana, wala hawezi kwenda polisi kushitaki kwamba imeharibika wiki ya pili. Kinga yake pekee ni kuiwasha palepale. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa sana zilikotoka, maduka yakajaa tena, lakini desturi ya enzi ya mlango wa nyuma ilihamia mlango wa mbele pamoja na wafanyabiashara wake. Muuzaji aliyefungua duka lake wazi hakuona sababu ya kuahidi kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiahidi.

Na Kariakoo palikuwa mahali pa kuipokea biashara hiyo. Mji wa Waafrika uliopimwa na wakoloni, ukapata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na nyumba za Kiswahili za vyumba vilivyotazamana na ua nyuma. Soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na tangu biashara ilipolegezwa, nyumba zile zilibomolewa moja moja kupisha maghorofa. Chini ya ghorofa zikakatwa fremu, vijiduka vyembamba ambavyo kodi yake haihurumii mtu. Aggrey na Likoma zikawa mitaa ya simu na vifaa vya umeme. Upande wa Posta wakabaki mawakala na makampuni yanayouzia ofisi kwa hati na dhamana. Huko katikati ya mji mteja hununua jina la kampuni. Kariakoo hununua kitu kilicho mbele yake. Ukubwa wa fremu nao una maana katika hoja hii, kwa sababu jaribio lolote linalofanyika humo lazima limalizike kabla mteja wa pili hajaingia.

Monita ilikifaa kipimo hicho tangu siku ya kwanza. Zile za chogo, zilizokuja na televisheni za chogo, zilikuwa nzito na zilikula umeme: monita ya inchi 17 ya aina hiyo hutumia wati 80 au zaidi, wakati ya bapa ya ukubwa huohuo hutumia karibu nusu yake. Katika jiji lililokuwa limehamia mita za LUKU, ambako mwenye nyumba huona uniti zikishuka kwa macho yake, na ambalo mwaka 2006 lilipitia mgao mkali wa umeme, tofauti hiyo haikuhitaji kuelezwa na mtaalamu. Kodi nayo ilisaidia. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 uliweka kompyuta na monita zake kwenye asilimia 0, huku televisheni zikibaki kwenye asilimia 25. Makampuni ya Ulaya na Ghuba hubadilisha vifaa vya ofisi kila baada ya miaka michache, vikiwa bado vizima, na makontena ya mtumba yakaanza kushusha monita za Dell na HP ambazo mfanyakazi wa benki fulani alikuwa akizitazama kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, basi.

Mnunuzi anayejua kutazama hachukui dakika tano kuipima monita ya namna hiyo. Huomba iwekwe picha nyeupe tupu, akatafuta vidoti vilivyokufa na kona zilizofifia njano. Huomba picha nyeusi, aone mwanga unaovuja pembezoni. Kisha husogea upande, kwa sababu kioo cha bei rahisi hugeuza rangi ukikitazama kwa pembeni, na kile cha IPS hakigeuzi. Kasoro za monita karibu zote ziko usoni pake. Ikiwa nzima leo, inaelekea itakuwa nzima mwakani. Ndiyo maana mtumba wa ofisi mara nyingi una kioo bora kuliko monita mpya ya jina lisilojulikana inayouzwa kwa bei hiyohiyo fremu ya jirani, na mnunuzi wa Kariakoo anayeuchagua mtumba hakosei.

Wabunifu walifaidika na hali hiyo kuliko watu wote. Kazi ya picha ya jiji hili, mabango ya maduka na vibao vya waganga, ilikuwa kwa muda mrefu ya mkono na brashi. Kompyuta ilipoingia, kazi zilizoifuata zilikuwa kadi za harusi na za michango, vipeperushi, mabango ya plastiki, na makasha ya filamu za Kibongo ambazo wasambazaji wake walikuwa Kariakoo. Programu iliyotawala kazi hizo ni CorelDRAW, na michoro ya mistari ya aina hiyo huibebesha mzigo prosesa na kumbukumbu ya mashine zaidi ya kadi ya grafiki. Mbunifu wa kadi za harusi alihitaji kioo kikubwa kinachosema kweli kuhusu rangi, na kioo ndicho kitu ambacho soko lilikuwa na ujuzi wa kumuuzia. Hapa lazima nikiri mpaka: jicho haliwezi kupima rangi kwa usahihi, na nyekundu ya kwenye skrini hutoka kahawia kwenye karatasi kama hakuna aliyesawazisha monita kwa kifaa chake. Lakini mbunifu huijua tofauti hiyo baada ya kazi mbili tatu za kuchapwa, na anajifunza kuifidia. Kosa la monita hurekebishika. Kosa la kadi halirekebishiki.

Kadi ya grafiki ni kifaa ambacho uso wake hausemi kitu. Kadi nzima na kadi inayokaribia kufa huonyesha dirisha lilelile la Windows, kwa rangi zilezile. Ugonjwa wake hutoka ikiwa na joto, baada ya nusu saa ya mzigo wa kweli, na nusu saa ni muda ambao fremu haina. Juu ya hilo kuna udanganyifu ambao jicho haliwezi kuukamata hata kidogo: chipu ya zamani huandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya, GTX 1050 Ti kwa mfano, na kompyuta hulikubali jina hilo bila swali. Tatizo hilo lilikuwa kubwa duniani kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua kadi bandia za NVIDIA. Halafu mnamo Septemba 15, 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutegemea kadi za grafiki katika uchimbaji wa sarafu yake, na kadi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana kwa miezi mingi zikamwagika katika masoko ya mitumba, zimefutwa vumbi, zinawaka vizuri tu.

Mtumba wa ofisi, uliomsaidia mbunifu, ulimbana mcheza gemu. Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya karani haikuja na kadi ya grafiki, na mara nyingi ina kasha jembamba na pawa saplai ndogo. Tundu la ubao mama hutoa wati 75, na pawa saplai ya namna hiyo haina waya wa ziada wa kupeleka umeme kwenye kadi kubwa. Chaguo linabaki kwenye kadi chache zinazotosheka na wati hizo, kama GTX 1650 ya mwaka 2019 katika umbo lake fupi, na kwa kuwa kila mwenye kompyuta ya ofisi anaitafuta hiyohiyo, hiyo ndiyo inayopanda bei na ndiyo inayoghushiwa. Mnunuzi asiyejua huuziwa kadi kubwa kwa bei nzuri, akaifikisha nyumbani na kukuta haiingii kwenye kasha au haiwaki. Muuzaji hakumdanganya. Aliijaribu mbele yake, kwenye mashine nyingine.

Nadhani ndiyo sababu mojawapo iliyofanya vijana wa Dar es Salaam wacheze kwa PlayStation. Vibanda vya gemu vya Manzese, Temeke na Kariakoo kwenyewe vilijengwa juu ya mashine ambayo kadi yake imefungwa ndani na haina majina ya kuchagua. Ukiwasha PlayStation 2 na mpira ukachezwa dakika kumi bila kukwama, umejua karibu kila kitu cha kujua, maana gemu lenyewe ndilo mzigo. Kifaa hicho kilirudi ndani ya sheria ya balbu.

Msomaji anaweza kusema yote haya ni njia ndefu ya kutaja umaskini: watu hununua mtumba kwa sababu hawana pesa ya kipya. Bei ina nguvu, sikatai. Lakini umaskini peke yake hauelezi kwa nini mtu mwenye uwezo wa kununua monita mpya huichagua ya mtumba, wala kwa nini mnunuzi huyohuyo ni hodari mbele ya kioo na mnyonge mbele ya kadi, siku hiyohiyo, na pesa ileile. Wengine wanapinga mtumba wenyewe, wakisema Afrika imegeuzwa jalala, na Uganda mwaka 2009 ilitangaza kuzuia kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Kwa monita za chogo, ambazo vioo vyake vimejaa madini ya risasi, pingamizi hilo lilikuwa na haki. Kwa monita bapa iliyotumika miaka minne ofisini na itakayotumika mingine sita Magomeni, halina.

Pingamizi gumu zaidi ni la intaneti. Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 mtu anaweza kusoma vipimo vya kadi yoyote kabla hajavuka Msimbazi, basi jicho la nini tena? Ila vipimo hivyo hupima modeli, na mnunuzi wa mtumba hanunui modeli. Ananunua kipande kimoja chenye maisha yake ya nyuma, na maisha hayo hayako mtandaoni. Kinachohitajika ni jaribio la ndani ya duka, na kulifanya si vigumu: GPU-Z kwanza ili kujua jina la kweli, kisha mzigo mzito kwa nusu saa huku joto likisomwa kwenye skrini, kwenye mashine ya mnunuzi mwenyewe. Wapo wauzaji wanaokubali. Wengi hawakubali, na sababu yao ina mantiki ndani ya hesabu ya fremu: winga aliyemleta mteja anasubiri chake mlangoni, soketi ni moja, na nyuma yake amesimama mtu wa balbu.