Ushawishi Katika Ardhi ya Wajir
Ushawishi, yaani uwezo wa kumgeuza mtu nia bila kumlazimisha, ni neno lililozaliwa na kitenzi shawishi, ambacho kina pia upande wa giza, kwa kuwa kishawishi ni kile kinachomvuta mtu dhambini. Katika Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, upande wake mwema ulidhihirika mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati koo za Kisomali zilipokuwa zikiuana, na akina mama, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, wakashikilia kwamba sokoni kila mwanamke, wa ukoo wowote, auze na kununua kwa amani. Hawakuwa na cheo wala silaha, lakini mwaka 1993 wazee nao walitia saini Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurejesha amani.